Likeri ya Chokoleti Imeisha: Cha Kutumia Badala Yake kwenye Kokteli na Vitindamlo

Mara ya kwanza kuishiwa likeri ya chokoleti nikiwa na wageni sebuleni, nilifanya kosa la kila mwenye haraka. Nilichukua vipande vinne vya chokoleti nyeusi, nikaviyeyusha, nikaimimina ikiwa bado ya moto kwenye chombo cha kutikisia chenye brandi, krimu na barafu, nikafunga mfuniko na kutikisa kwa nguvu zangu zote. Nilipochuja, chujio lilijaa chenga ngumu za kahawia, kama mchanga uliolowa. Kwenye glasi mlikuwa na brandi na krimu tu, bila harufu ya kakao hata ya mbali. Chokoleti yote ilikuwa imegandia kwenye barafu.

Wala hapakuwa na muujiza. Mafuta ya chokoleti, yaani siagi ya kakao, huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo sababu chokoleti hulainika yenyewe ulimini. Ikikutana na barafu, mafuta hayo hayo huganda papo hapo na kuondoka na ladha yote. Likeri haina shida hiyo, kwa kuwa mtengenezaji ameshaacha karibu mafuta yote nyuma. Kilichobaki ni ladha na harufu ya kakao iliyokwisha kuingia kwenye pombe na sukari, na barafu haivibabaishi vitu hivyo viwili.

Tangu siku hiyo sitafuti tena kitu chochote kilichoandikwa chokoleti. Kwanza naangalia likeri ilikuwa inafanya kazi gani kwenye glasi au bakuli, ndipo naamua nani aifanye badala yake.

Hatua ya kwanza: ijue chupa inayokosekana

Mapishi yakisema likeri ya chokoleti yanaweza kuwa yanamaanisha vitu tofauti kabisa. Cha kwanza ni crème de cacao, ambayo huja kwa sura mbili: nyeupe, yaani isiyo na rangi kama maji, na ya kahawia. Nyeupe hupatikana kwa kukeneka pombe iliyolowekwa kakao, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake, kwa hiyo harufu hupita na rangi hubaki nyuma. Ya kahawia hutokana na kuloweka au kuchujisha tu, ndiyo maana huwa nzito kidogo kwa ladha. Zote kwa kawaida huwa na kilevi cha asilimia 20 hadi 25.

Jina hilo lisikudanganye: hamna krimu ndani yake. Crème hapa ni habari ya sukari. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, likeri ya kawaida inatakiwa iwe na sukari isiyopungua gramu 100 kwa lita na kilevi kisichopungua asilimia 15. Ikitaka kuitwa crème de kitu fulani, sukari lazima ifike angalau gramu 250 kwa lita.

Aina nyingine ni likeri ya chokoleti yenye maziwa au krimu ya kweli, kama Mozart ya Salzburg, Austria, ambayo ina asilimia 17. Hiyo ni nzito, haipitishi mwanga, na haipatani kabisa na limau. Ukikuta mapishi yanataja likeri ya chokoleti na juisi ya limau pamoja, ujue inayotakiwa ni ile nyeupe ya maji.

Kuna na mtego mmoja kwenye vifungashio vya chokoleti. Mbegu za kakao zikisagwa hadi zikawa uji mzito, uji huo kwa Kiingereza huitwa chocolate liquor, jina linalokaribiana sana na la kileo chetu, chocolate liqueur, na wapo wanaosoma haraka wakadhani chokoleti ina pombe. Haina hata tone.

Hatua ya pili: hesabu kazi zake

Chukua kipimo cha kawaida cha kokteli, mililita 30 za crème de cacao. Ndani yake kuna sukari isiyopungua gramu 7.5, karibu vijiko viwili vya chai. Kuna kilevi halisi cha mililita 6 au 7. Kuna harufu ya kakao, na mara nyingi vanila nyuma yake. Na kuna uzito, ule utelezi wa sukari unaofanya kinywaji kikae mdomoni badala ya kupita kama maji.

Ukiondoa chupa ukaweka kijiko cha kakao peke yake, umerudisha harufu na kuacha mengine matatu. Kinywaji kitakuwa kichungu na chepesi, nawe utadhani kakao ni mbaya. Ukiweka shira tupu ya chokoleti, utapata sukari, harufu na uzito, lakini makali hayapo, na kokteli itaonja kama maziwa ya mtoto. Ukiweka vodka tupu, hayo usiniulize.

Kwenye kokteli kazi zote nne zina maana. Kwenye keki, kilevi na uzito havina maana kubwa. Kwenye aiskrimu kilevi kina kazi ya ajabu ambayo wengi hawaifikirii mpaka aiskrimu igome kuganda, na tutafika huko.

Hatua ya tatu: pika shira ya kakao

Ukijifunza kitu kimoja tu hapa, kiwe hiki. Kinachukua dakika kumi na kinatatua sehemu kubwa ya matatizo.

Utahitaji sukari gramu 200, maji mililita 200, kakao ya unga gramu 50 isiyotiwa sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na vanila kijiko kimoja cha chai.

Changanya kwanza sukari, kakao na chumvi vikiwa vikavu kwenye sufuria. Usiruke hapa. Kakao ikitupwa peke yake kwenye maji hufanya madonge yenye unga mkavu katikati, na ukishayapata utayakimbiza kwa mwiko hadi uchoke. Punje za sukari huitenganisha kakao kabla maji hayajaifikia. Sasa mimina maji kidogo, kama robo ya yale uliyopima, ukoroge hadi upate uji mzito unaong'aa. Ukishakuwa laini, malizia maji yaliyobaki.

Weka kwenye moto wa wastani. Ikianza kuchemka itapanda kwa povu la kahawia, na kwa sekunde chache utaona kama itafurika, kwa hiyo tumia sufuria yenye kina. Punguza moto, iache ichemke polepole kwa dakika tatu huku ukikoroga hadi chini, kisha epua. Vanila itie baada ya kuepua, maana harufu yake hupotea na mvuke. Chuja kwa chujio lenye matundu madogo na uiache ipoe. Utapata kama mililita 300, itakayokaa kwenye friji kwa wiki mbili bila shida katika chupa safi.

Kuhusu kakao yenyewe, ziko aina mbili. Ya asili ina rangi ya kahawia hafifu na uchachu wa mbali. Ile iliyopitishwa kwenye alkali, njia inayoitwa ya Kiholanzi kutokana na kazi ya familia ya Van Houten wa Amsterdam katika karne ya 19, ni nyeusi zaidi, haina uchachu, na hukubali maji kwa urahisi. Kwa vinywaji vya krimu mimi huchagua ya Kiholanzi bila kusita. Ya asili naiweka kwa vinywaji vyenye limau, ambako uchachu kidogo haudhuru.

Sasa hesabu inayofanya shira hii iwe na thamani. Mililita 15 za shira na mililita 15 za vodka ya asilimia 40 hukupa mililita 30 zenye kilevi cha asilimia 20 na sukari gramu 10 hivi. Linganisha na tulichokihesabu juu. Kwa maneno mengine, nusu shira nusu vodka unaiweka kipimo kwa kipimo mahali pa crème de cacao ya kahawia, bila kugusa kitu kingine kwenye mapishi.

Ijaribu kwenye Brandy Alexander, kokteli isiyoweza kuficha mbadala mbovu. Weka brandi mililita 30, krimu mbichi mililita 30, shira 15, vodka 15, na barafu ya kujaza nusu ya chombo. Tikisa kwa sekunde 15 hadi chuma kishike ukungu nje. Chuja kwenye glasi iliyopozwa, ukunie kungumanga juu. Kama huna chombo cha kutikisia, chupa ya jemu yenye mfuniko unaokaza inatosha kabisa.

Baada ya kufanya hivi mara kadhaa niliacha vodka. Kama kokteli tayari ina brandi, kwa nini nilete pombe ya pili? Naweka brandi 45 na shira 15, na kwa ulimi wangu ni bora kuliko ile ya likeri. Fuata mantiki hiyo hiyo kwenye kokteli za ramu na wiski. Vodka ibaki kwa zile ambazo pombe yake kuu ni vodka, kama martini ya chokoleti.

Kasoro moja ipo: kakao haiyeyuki, huelea tu. Chupa ikikaa friji siku mbili utakuta tope chini. Itikise kabla ya kumimina. Kwenye kinywaji cha krimu hakuna atakayejua, ila kwenye kinywaji cheupe kila mtu ataona.

Hatua ya nne: kokteli zinazotaka ile isiyo na rangi

Hapa niseme ukweli: jikoni kwako hutapata kakao isiyo na rangi. Ile ya dukani imekenekwa, na kukeneka si kazi ya nyumbani. Nchi nyingi zimeipiga marufuku bila leseni. Unaloweza ni kukaribia.

Loweka gramu 40 za mbegu za kakao zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa ndani ya mililita 250 za vodka kwa siku mbili, kisha chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Utapata pombe yenye rangi ya chai ya rangi, kavu, yenye harufu ya kakao ya kushangaza. Haina sukari, kwa hiyo iunganishe na shira nyeupe ya sukari na maji sawa kwa sawa, nusu kwa nusu, pamoja na tone la vanila.

Kwenye Grasshopper, ambayo ni likeri ya kijani ya nanaa, crème de cacao nyeupe na krimu kwa vipimo sawa, mchanganyiko huu hufifisha kijani kidogo tu kwa sababu krimu hufunika. Kwa kulinganisha, nilishawahi kuiweka shira ya kakao ya hatua ya tatu kwenye Grasshopper. Ladha ilikuwa nzuri. Rangi ilikuwa ya maji ya bwawa, na hakuna mgeni aliyemaliza glasi yake.

Kwenye 20th Century, kokteli ya jini, Lillet Blanc (divai nyeupe ya Kifaransa iliyotiwa ladha), limau na crème de cacao nyeupe, mbegu zilizolowekwa ndizo chaguo la pekee ninaloliamini. Kakao pale inatakiwa isikike mwishoni, baada ya limau kupita, na unga wa kakao hauna adabu hiyo. Na kwa vyovyote vile, usiingize likeri ya krimu kwenye kinywaji hiki. Protini ya maziwa hugandamana uchachu ukishafika kiwango fulani, pH 4.6 hivi, na limau huyafikisha maziwa huko mara moja. Utaona mabonge meupe yakielea kwenye glasi.

Kama huna mbegu wala muda wa siku mbili, tumia shira nyeupe yenye vanila na matone mawili au matatu ya ile dawa chungu ya kokteli yenye ladha ya chokoleti, inayouzwa kwenye vichupa vya kudondoshea. Utapata kivuli cha kakao. Wakati mwingine kivuli kinatosha.

Hatua ya tano: angalia chupa ulizonazo

Likeri ya kahawa, kama Kahlúa au Tia Maria, ndiyo jirani wa karibu. Utamu na kilevi vinakaribiana, rangi ni ile ile, na uchungu wa kahawa huungana na kakao kama ndugu. Iweke kipimo kwa kipimo. Kinywaji kitageuka kuwa cha kahawa, hilo ulikubali mapema. Ukitaka kukirudisha upande wa chokoleti, ongeza kijiko kimoja cha chai cha shira ya kakao kwa kila mililita 30, na upunguze likeri kiasi hicho hicho.

Baileys na wenzake wa krimu wana kilevi cha asilimia 17 hivi, harufu ya mbali ya kakao, na krimu nyingi. Ukitumia badala ya crème de cacao, punguza krimu ya mapishi, maana nyingine imeshaingia. Kwenye Alexander mimi hupunguza krimu kwa nusu na kuongeza shira kijiko kimoja cha chai. Badala ya likeri ya chokoleti ya krimu, hii inaingia moja kwa moja bila mahesabu.

Likeri ya lozi, kama amaretto, haina kakao hata kidogo. Ifikirie tu pale ambapo chokoleti imeshajaa kwenye chakula chenyewe na likeri ilikuwa ya kunogesha. Kwenye kokteli inateka kila kitu.

Rojo la chokoleti la chupa ya kubonyeza, lile la kumwagia aiskrimu, linafaa kama shira ukisoma kwanza kilichoandikwa nyuma. Kama mafuta yametajwa mwanzoni mwa orodha, yatafanya mistari na chenga kwenye barafu, na utarudi kule kwenye mchanga wangu. Vivyo hivyo siagi ya karanga na chokoleti ya kupaka mkate: iache kwenye mkate.

Hatua ya sita: vitindamlo

Huku mambo ni mepesi, kwa sababu likeri mara nyingi ni vijiko viwili vitatu katikati ya chokoleti nyingi.

Kwenye unga wa keki, badili kila vijiko viwili vikubwa vya likeri kwa vijiko viwili vikubwa vya kahawa kali iliyopoa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Kahawa haitasikika kama kahawa; itaifanya chokoleti isikike zaidi. Kwa keki ya kulowanishwa, changanya shira ya kakao na maji sawa kwa sawa, tia ramu kidogo, na paka kwa brashi keki ikiwa bado na uvuguvugu.

Krimu ya kupiga ni rahisi pia: vijiko viwili vikubwa vya shira kwa mililita 250 za krimu. Shira iwe imetoka kwenye friji. Ikiwa na joto, krimu haitasimama.

Penye kutaka umakini ni chokoleti iliyoyeyushwa. Kila anayepika amewahi kuliona hili: bakuli la chokoleti laini inayong'aa, unadondosha kijiko cha likeri au maji, na kwa ghafla inakakamaa na kuwa donge la chengachenga. Kilichotokea ni kwamba sukari na kakao iliyomo vimelowa kidogo na kushikana, mfano wa sukari kwenye bakuli uliloingiza kijiko chenye maji. Dawa yake ni kuongeza kimiminika zaidi, ingawa moyo unakataa. Tia maji au krimu ya moto kijiko kimoja kimoja ukikoroga, na itarudi kuwa laini. Ila sasa ni rojo, haitafaa tena kuchovya au kutengeneza vipande vigumu. Ili usifike huko, kimiminika chochote unachoweka badala ya likeri kisipungue kijiko kimoja kikubwa kwa kila gramu 60 za chokoleti, kiwe vuguvugu, na kiingie chote kwa pamoja. Kama mapishi ni ya krimu na chokoleti, njia salama ni kuongeza krimu kwa kiasi cha likeri uliyoiacha.

Tiramisu haihitaji maelezo mengi. Kahawa imo tayari. Tia ramu au brandi nusu ya kiasi cha likeri, jazia nusu iliyobaki kwa shira ya kakao, chovya biskuti, endelea.

Sasa aiskrimu. Kilevi hushusha kiwango cha kuganda, na likeri inapowekwa kwenye aiskrimu huwa inafanya kazi ya kuilainisha kuliko hata ya kuipa ladha. Tuseme mapishi yanataka mililita 60 za likeri ya asilimia 20 kwa lita moja ya mchanganyiko. Hizo ni mililita 12 za kilevi halisi, sawa na mililita 30 za vodka. Ukibadili likeri yote kwa vodka kipimo kwa kipimo, umeongeza kilevi maradufu, na asubuhi utafungua friza ukute uji. Weka vodka au ramu mililita 30 na shira ya kakao mililita 30, basi. Ukiacha kilevi kabisa, tumia shira mililita 60. Sukari nayo hushusha kuganda, ila si sana kama pombe, kwa hiyo aiskrimu itatoka ngumu. Itoe nje dakika kumi kabla ya kuchota.

Hatua ya saba: kama hakuna anayetaka pombe

Watu wengi hupika na likeri kisha wakawahakikishia wageni kwamba pombe yote imeungua kwenye oveni. Haiungui yote. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha kwamba pombe ikichanganywa kwenye chakula na kupikwa dakika 15, asilimia 40 hivi hubaki. Baada ya saa nzima hubaki asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna asilimia 5. Kitindamlo kisichopikwa kikilala usiku mmoja hubaki na asilimia 70. Kwa hiyo kama mezani kuna mtoto, mjamzito, mtu anayetumia dawa zisizopatana na pombe au ambaye dini yake inaikataza, usitie kabisa. Na umwangalie mdanganyifu mdogo kwenye kabati: vanila ya maji, mara nyingi, imetengenezwa kwa pombe. Kwa anayejizuia kabisa tumia vanila ya unga au ganda lenyewe.

Tatizo la kuondoa kilevi ni kwamba shira peke yake inakuwa tamu hadi inachosha. Kinachokosekana ni ule mkwaruzo kooni. Mimi naurudisha kwa chai nyeusi. Loweka majani kijiko kimoja kikubwa kwenye maji ya moto mililita 150 kwa dakika kumi nzima, muda ambao kwa chai ya kunywa ungekuwa uonevu, kisha chuja na upoze. Utapata maji makali yanayokausha ulimi. Mililita 15 za chai hiyo na 15 za shira ya kakao huchukua nafasi ya mililita 30 za likeri vizuri kuliko nilivyotegemea. Ukitikisa na krimu, barafu na kungumanga, unapata kinywaji cha watu wazima ambacho hata dereva anaweza kunywa viwili.

Hatua ya nane: au tengeneza yako

Ukigundua unaishiwa kila mara, loweka chupa yako mwenyewe. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, kungoja ni wiki mbili na zaidi.

Chukua gramu 100 za mbegu za kakao zilizovunjwa. Kama ni mbichi, zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tano au sita hadi harufu ibadilike kutoka ya uchachu hadi ya chokoleti. Epua kabla hazijatoa moshi. Zikipoa, ziweke kwenye chupa ya kioo pamoja na vodka mililita 400, funika, weka mahali penye giza kwa siku nane hadi kumi, utikise kila unapokumbuka. Usiziache mwezi mzima ukidhani utapata ladha zaidi. Utapata uchungu wa magamba.

Chuja. Sasa fanya jambo ambalo mapishi mengi hayalitaji: weka pombe iliyochujwa kwenye friza usiku kucha. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kakao ni mafuta, na kidogo huponyoka na kuingia kwenye vodka. Vodka haitaganda, ila asubuhi utaona utando mweupe juu au vijipande vikielea. Chuja tena kwa karatasi ya kahawa ikiwa bado baridi kabisa, mafuta yabaki kwenye karatasi. Ukiruka hatua hii, likeri itaacha duara la mafuta kwenye kila glasi.

Pika shira ya sukari gramu 300 na maji mililita 200 hadi sukari iyeyuke, ipoze kabisa, changanya na ile pombe, tia vanila kijiko cha chai. Usimimine pombe kwenye shira iliyo jikoni juu ya moto. Mvuke wake hushika moto. Utapata karibu mililita 780 zenye kilevi cha asilimia 20 hivi, sukari ya kutosha kuitwa crème, na rangi ya kahawia nyepesi. Iache wiki moja kabla ya kuionja kwa mara ya kwanza. Siku ya kwanza pombe na sukari huonjeka kila kimoja kivyake, na watu wengi huikatia tamaa siku hiyo.

Mbegu zilizobaki kwenye chujio usizitupe. Zichanganye na vijiko viwili vya sukari, zitandaze kwenye sinia, zikaushe kwenye oveni ya moto mdogo huku mlango ukiwa wazi kidogo hadi zisikike kavu ukizitikisa. Zinyunyize juu ya aiskrimu. Bado zina kilevi ndani, kwa hiyo kopo lake liandike vizuri na uliweke rafu ya juu.